Pampu ya Gari la Buterere na Mraba wa Vidoadoa

Gereji ya Massoudi ilikuwa uani kwake, mtaa wa Bwiza, Bujumbura. Asubuhi Zubeda, mke wake, akifagia, yeye alikaa juu ya ndoo akikata joint. Joint ni kile kipande chembamba kinachowekwa kati ya chuma na chuma ili maji yasivuje. Massoudi hakuzinunua dukani. Alilaza boksi la sabuni juu ya chuma, akaligonga kwa nyundo mpaka umbo likatokea, kisha akaondoa kwa mkasi kila kilichozidi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, naye alilijua hilo kupita kiasi.

Lakini masika ya mwaka ule hakuwa na raha. Gari la zahanati ya Buterere, pembezoni mwa mji, lililokuwa likibeba wajawazito kwenda hospitali, lilikuwa limelala gerejini likingoja pampu ya maji. Pampu ya kwanza Massoudi aliiagiza kwa kukisia, ikakataa kuingia. Gari likiwa bado limelala, mama mmoja alibebwa kwa baiskeli kwenye matope, na mtoto wake hakupona. Sasa Sumaya, binti yao aliyeolewa huko huko Buterere, alikuwa karibu kujifungua. Vita vilikuwa vimepungua, ila barabara hazikuwa za kuaminika. Zubeda hakumlaumu mumewe, na ukimya huo ulimuuma Massoudi kuliko lawama.

Kaka yake Zubeda, Jaffar, alikuwa Dubai, wakamwomba atafute pampu huko. Aliona boksi la pampu kwenye duka la vipuri vya zamani. Lilikuwa limefungwa, na muuzaji hakutaka lifunguliwe. Namba za kwenye lebo zilikuwa zimefutwa na maji. Kilichobaki ni mraba mdogo wa vidoadoa vyeusi na vyeupe, alama ambayo mashine huisoma ikatoa namba. Jaffar akaupiga picha na kuituma kwa barua pepe. Mtu wa kuleta mzigo Bujumbura alikuwa anasafiri kesho yake.

Massoudi alikwenda kwa Dévote, mama aliyeendesha duka la intaneti jirani, akaomba picha ile itolewe kwenye karatasi. Akarudi nayo nyumbani. Akakata weupe wote wa pembeni, sawasawa, kama anavyokata joint. Palipopauka akapajaza kwa kalamu ya biki. Akaitazama kazi yake akaridhika, kisha akafunga pampu mbovu kwenye gazeti na kurudi dukani.

Kompyuta moja ya Dévote ilikuwa na programu ya kusoma alama hizo, aliyowekewa na mfanyabiashara wa vipuri. Dévote alipitisha karatasi kwenye skana. Programu ikajibu kwamba haioni alama yoyote.

“Papa Massoudi, nani alikata iyi karatasi?” Dévote aliuliza.

“Ni mi. Nilikata ile nyeupe ya bure.”

“Apana, aiko ya bure. Mashine inatafuta kwanza iyo nyeupe, ijue alama inaanzia wapi. Na pale ulijaza na biki, uliandika maneno ingine.”

Massoudi akaichukua tena karatasi ile. Mkono ule ule aliojivunia miaka yote ndio ulioharibu.

“Sasa tuombe Jaffar atume ingine?”

“Ya nini? Picha yenyewe iko humu. Tuiache vile ilikuja.”

Dévote akamweleza polepole. Picha iliyotumwa ihifadhiwe kama ilivyo. Isikatwe, isikunjwe, isipakwe kitu. Miraba mitatu ya kwenye pembe ionekane yote, pamoja na weupe unaoizunguka. Kisha picha hiyo ifunguliwe ndani ya programu. Karatasi haihitajiki.

Leo wewe unayesoma una simu mkononi, na mambo ni yale yale. Ukitumiwa picha ya msimbo wa QR, yaani mraba kama ule wa Jaffar, usihangaike kutafuta simu ya pili ya kuumulika. Hifadhi picha, fungua programu ya kusoma misimbo, kisha chagua picha hiyo. Na kinachotokea kisome kwanza. Kama ni anwani ya mtandao usiyoijua, iache.

Dévote alihifadhi picha ya Jaffar, akaifungua kwenye programu. Namba ikatokea. Massoudi akafungua gazeti, akapangusa pampu kwa kanzu yake, akalinganisha na namba iliyochongwa juu yake. Hazikufanana. Kama boksi lile lingekuja, gari lingelala tena.

Waliandika haraka kwa Jaffar atafute jingine. Jioni ilipokaribia, picha nyingine ikaingia. Safari hii Massoudi alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Aliihifadhi bila kuigusa ukingo, akaifungua, Dévote akimsomea namba ya kwenye pampu. Zilifanana mpaka herufi ya mwisho. Massoudi aliomba arudie kusoma, naye akarudia.

Pampu ilipofika iliingia bila kusukumwa. Haukupita muda, Sumaya akashikwa na uchungu asubuhi ya mvua kubwa, Buterere yote ikiwa maji. Gari lilimchukua, likawapitia mama yake na baba yake Bwiza, likawafikisha hospitali. Akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Massoudi alikimbia nje, akapanda kiti cha mbele cha gari, akamwomba dereva, Révérien, awangoje wote awarudishe nyumbani.

“Muzee, siwezi,” Révérien alisema. “Kule Buterere kuko mama mwengine ananingoja.”

Massoudi akashuka, akafunga mlango, akaligonga gari ubavuni liondoke. Alilia pale pale mvuani, mbele za watu, wala hakuona haya.