Jeneza la Mvule na Macho ya Rahabu

Mzee Eliaichi alikata mkonge miaka thelathini kule tambarare. Mwaka 1974 alistaafu. Akapanda mlima kurudi kijijini kwao Upareni na baiskeli, redio na kipande chake cha kazi, ile kadi ya mfanyakazi. Kipande hicho alikitunza kuliko redio.

"Hiki ndicho daktari wangu," aliwaambia majirani, wala hakuwa anatania. Kule kwenye mkonge, ukiugua ulionyesha kipande, ukatibiwa wewe na mkeo.

Sasa mkewe Rahabu alianza kuona ukungu. Alichagua maharage, mawe yakaingia chunguni. Asubuhi moja alimwamkia mbuzi wa jirani, akidhani ni mke wa mchungaji. Alicheka sana. Kisha akalia.

"Usilie, mama Koleta. Kipande kipo," Eliaichi alisema.

Wakashuka mlima, hatua kwa hatua, Rahabu ameshikwa mkono. Karani wa zahanati ya shamba la mkonge akakigeuzageuza kipande.

"Mzee, umeshastaafu. Kipande humtibu aliye kazini."

Eliaichi alimshika mkewe mkono, wakapanda mlima kurudi. Aliona aibu, na aliogopa. Mkewe angepofuka kabisa, naye hakujua la kufanya.

Kesho yake walikwenda kwa Rogathe, muuguzi wa zahanati ya kijiji.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Rogathe alimtazama Rahabu macho yote mawili. "Mama, huu ni mtoto wa jicho. Ukipasuliwa utaona tena. Hapa tunatibu bure, lakini upasuaji wa macho hatuna. Unafanywa hospitali ya misheni, na huko kuna nauli, kitanda na miwani. Jiungeni na chama kitakachowasaidia pale sisi tunapoishia."

Eliaichi hakungoja zaidi. Jioni alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Mama Koleta, nimepata chama! Tomaso wa kanisani anacho. Kinatoa jeneza la mvule, ng'ombe mzima na tarumbeta!"

"Tarumbeta za nini?"

"Za siku tutakapokufa."

Rahabu alishika kiuno. "Baba Koleta! Mimi naomba macho, wewe unaniletea jeneza? Hata hilo jeneza lenyewe sitaliona!"

Wakarudi kwa Rogathe. Eliaichi alitazama viatu vyake.

"Chama cha Tomaso si kibaya, baba," Rogathe alisema. "Kinafaa msibani. Lakini kabla hujajiunga na chama chochote, uliza. Kinasaidia kwa shida gani? Kinamsaidia nani? Msaada unaanza lini? Chama cha shida yako ni Mfuko wa Wagonjwa. Masharti yake haya hapa."

"Nisomee basi."

"Si uko kisomo cha watu wazima? Soma mwenyewe."

Eliaichi aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, jasho likimtoka.

"Mwanachama atafanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila Jumanne katika shamba la maharage la mfuko. Maharage yatauzwa kulipia nauli, kitanda na miwani. Msaada utaanza baada ya miezi mitatu, hata kwa aliyejiunga akiwa mgonjwa. Atasaidiwa kila aliyeandikwa jina."

Kidole kikasimama.

"Kwani nikijiandika mimi, mke wangu hayumo?"

"Hayumo, baba. Hiki si kipande. Kila mtu huandikwa jina lake."

"Afadhali nimesoma!"

Akachukua kalamu. Jina lake aliliandika haraka. La pili aliliandika taratibu, ulimi umetoka nje. Walikuwa wameoana miaka arobaini, na hakuwahi kuliandika.

"Umeandika nini?" Rahabu aliuliza.

"Wewe."

Rahabu alikitafuta kiganja cha mumewe, akakibana.

Kwa miezi mitatu, kila Jumanne, mbiu ililia na Eliaichi akatoka na jembe. Jioni alijisifu. "Leo mstari wangu unang'aa! Hakuna gugu hata moja!" Rahabu alimwamini, akamwongezea chai.

Kisha mfuko ukalipa, Rahabu akapasuliwa macho. Siku kitambaa cha macho kilipofunguliwa pale hospitali ya misheni, Rahabu alipepesa macho, akavalishwa miwani, akamkazia mumewe macho kwa muda mrefu.

"Ni wewe huyu? Mbona umezeeka hivi?"

Wodi nzima ilicheka. Eliaichi alicheka kuliko wote, na machozi yakamtiririka.

Alipopona vizuri, Rahabu naye alikwenda msaragambo. Alitembea peke yake, bila kushikwa mkono. Aliitazama milima, akayatazama maharage, akafurahi mno. Halafu akasimama kwenye mstari mmoja.

"Mstari huu wenye magugu ni wa nani?"

Watu wote wakamgeukia Eliaichi.

"Jamani," Eliaichi alisema, "daktari yule alizidisha!"

Rahabu aliinama, akang'oa kigugu kidogo kama kidole cha mtoto mchanga, akamwinulia akione.

"Na hiki nacho nakiona," alisema.