Hewa ya Wizi

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, hapa Makorora, mimi nachambua mchicha kibarazani. Mwanangu Mudathir, fundi magari, kaliinamia gari la marehemu baba yake, kichwa kimepotelea ndani ya boneti.

"Mama, gari lako halina silensa."

"Halina nini?"

"Silensa. Ukikanyaga mafuta, linakwenda. Ukiinua mguu, injini haijishiki, inazima."

Gari kuukuu lile, la nozeli, si la kabureta. Plagi kashabadilisha. Masizi ya kwenye mlango wa hewa kashasugua. Siku ile akaona mpira mmoja wa kupitishia hewa umepasuka, unalia sss, sss.

"Mchawi wako huyu! Injini inavuta hewa ya wizi."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Akafunga mpira mpya. "Twende tukalijaribu njia ya Pangani. Umelipanda miaka, utasikia kama limetulia."

Nilitaka kukataa. Ningemwambia nini?

Hafsa alikuwa mkwe mwenzangu: binti yake, Wafa, ndiye mke wa huyu Mudathir. Harusini alinijia na kanga imeandikwa MGENI MBAYA HUJIPAKULIA, kisa nilitangulia kujipakulia biriani. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaapa sisemi naye tena.

Mwaka uliofuata, mimi na mume wangu tunatoka Pangani, nikamwona kwenye kona ya shamba la mkonge. Peke yake. Kashika tumbo, kainua mkono. "Nisogezeni!" Mume wangu macho yalishachoka, hakumtambua, lakini aliinua mguu, gari likapunguza mwendo.

Mimi nilimtambua. Nikasema, "Kanyaga mafuta, twende."

Jioni ikaja habari kuwa Hafsa kafia palepale njiani. Matangani nililia kuliko wote. Wafa akanishika mkono, akasema, "Sasa mama yangu ni wewe."

Basi tukaenda. Kila mteremko Mudathir anainua mguu, injini inajishika. Akawa anapiga mluzi. "Umeona, mama? Fundi mwanao!"

Kona ya mkonge ikatokea.

Akainua mguu. Injini ikatetemeka. Ikazima. Gari likaserereka kidogo, likasimama.

Jua la alasiri linawaka. Hata kunguru hakuna.

Sss.

"Mpira ni mpya," Mudathir akanong'ona.

Sss. Haikutoka kwenye boneti. Ilitoka nyuma yangu, kwenye upenyo wa kioo.

Nisogezeni.

"Panda, Hafsa," nikanong'ona.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukafungwa. Gari likadidimia kidogo upande wangu. Injini ikawaka, na Mudathir hakugusa ufunguo.

"Mama. Unasema na nani?"

"Twende nyumbani," nikasema. Naye hakuthubutu kutazama kioo cha kuonea nyuma. Mpaka Makorora shingo yangu ilikuwa inapata pumzi ya mtu, na harufu ya asumini.

Wafa alitoka kutupokea. Akafungua mlango wa nyuma achukue kikapu changu, akaganda.

"Mama, mlimpakia nani? Kiti kina moto." Akainama, akaokota kikuba cha maua, asumini na mkadi, kibichi, kimefungwa uzi mwekundu. "Uzi huu alikuwa akifungia mama yangu. Mama, nani alikuwa humu?"

Nyuma yake injini inanguruma, silensa imetulia kama maji ya mtungini. Mudathir akainua mkono, uso umemshuka. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

Gari lilikuwa linanisubiri.

Nikasema yote. Kona, mkono ulioinuliwa, neno langu. Niliposema "nilimtambua", injini ikazima. Yenyewe, taratibu, kama mtu aliyefika kwake.

Wafa ananiamkia shikamoo kila asubuhi, ila mama haniiti tena. Kikuba kile kakitundika msumarini, juu ya kitanda changu. Huu mwezi wa saba tangu siku ile.

Hakijanyauka.