Skrubu ya Mashua ya Bungoma

Wewe ulipita pale. Usijifanye. Mashua ya uokoaji, nyeupe, juu ya trela nyuma ya ofisi ya serikali mjini Bungoma, na huku watu wa chini ya mto Nzoia wanalala juu ya mapaa kwa mafuriko. Uliiona ukageuza uso, ukaendelea kutafuna mahindi yako ya kuchoma. Mwaka wa kwanza ulisema wenyewe wanajua. Wa pili hukusema kitu. Basi walioikumbuka ni wezi.

SAA MBILI ASUBUHI, KITALE. SIKUKUU YA JAMHURI.

Chumba kilikuwa nyuma ya kinu cha posho. Vumbi la unga lilitanda mezani, na Kagwe akachora ramani humo kwa kidole.

"Wakubwa wote wako uwanjani wakisikiza hotuba," alisema. "Geti liko na askari mmoja, na huyo nimemaliza naye. Nyongesa anarudisha lori lake la Canter nyuma, tunafunga trela, tunatoka. Mimi nabaki barabarani na simu."

"Na injini?" Wabwile aliuliza.

"Imekwama chini. Trimu imekufa, fundi. Ndio maana uko hapa."

Trimu ni mota ndogo inayosukuma oili na kuinua injini ya mashua. Injini ikibaki chini, propela inagonga kila tuta. Trela haifiki hata Mumias. Wabwile alijifunza hayo kule ziwani, bila cheti, kwa kufungua zilizokufa moja baada ya nyingine. Kagwe alikuwa naye miaka hiyo, akimshikia spana.

"Nani amekuambia imekufa?"

"Askari. Mimi sijawahi kukanyaga hapo, bana."

"Na inaenda kwa Nelima kwanza."

"Si nimesema? Dada yako kwanza. Watu wakishatolewa majini, ndio tunavuka nayo Uganda."

Nelima alikuwa siku ya tatu juu ya paa la shule kule chini ya Nzoia, yeye na watoto wawili, maji yakipanda. Wabwile hakutaka kitu kingine katika kazi hii.

SAA TANO KASOROBO, BUNGOMA.

Geti lilikuwa wazi. Askari hayupo. Kutoka uwanjani bendi ilikuwa ikipiga. Nyongesa alirudisha Canter, akafunga trela, akawasha sigara.

Wabwile alibonyeza swichi ya trimu. Kimya.

Alianza pale anapoanza siku zote. Betri: imekufa. Akavuta nyaya kutoka betri ya Canter. Fyuzi: nzima. Akabonyeza tena. Rilei, swichi ya ndani, ikalia, tik, mota ikanguruma. Injini haikusogea hata unywele.

"Fundi, hiyo ni injini ama mgonjwa?" Nyongesa alisema. "Naona unaipima mapigo."

"Umeme uko. Mota inazunguka. Sasa ni oili."

"Oili, maji, uji. Harakisha."

SAA TANO NA DAKIKA KUMI.

Alifungua kifuniko cha oili. Imejaa. Safi, haijaingia maji. Akalala chali chini ya trela, akapapasa mabomba na vyuma vya kuinulia. Vikavu. Hakuna kinachovuja.

Mota nzima, oili nzima, na injini haiinuki. Kimebaki kitu kimoja.

Ubavuni mwa mkono ulioshika injini kuna skrubu pana. Ukiilegeza, oili inarudi ilikotoka, mota inanguruma bure. Imewekwa hapo ili injini iweze kuinuliwa kwa mikono. Mashua iliyolala miaka miwili haijilegezi skrubu, ndiyo maana Wabwile huiacha mwisho.

Aliigusa. Ilikuwa imelegezwa mizunguko mitatu. Kichwani kulikuwa na alama ya bisibisi, chuma kinang'aa katikati ya kutu. Alama ya jana.

Wabwile alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu skrubu hiyo, yule aliyemshikia spana kule ziwani. Na mtu huyo alijua hatua zake zote: betri, fyuzi, rilei, oili, kisha skrubu. Alizihesabu. Nusu saa fundi yuko chini ya injini, mikono myeusi kwa oili, mtu wa kukutwa.

Alitoka chini ya trela.

"Nyongesa. Kagwe alikuja hapa jana."

Nyongesa aliangalia sigara yake. Simu ikalia mfukoni mwake. Hakuipokea. Alichomoa nyaya za betri ya Canter, akafungua kishikio cha trela.

"Aliniambia watakutisha tu," alisema. "Mtu wa stoo ya hapa ameuza vitu, anataka mwizi wa kusingizia. Mimi niko na watoto, fundi."

"Nelima pia ako nao."

"Ruka ukuta. Uko na dakika mbili."

Canter iliondoka.

SAA TANO NA DAKIKA ISHIRINI NA MBILI.

Ukuta ulikuwa mfupi. Ng'ambo yake shamba la miwa, na baada ya miwa hakuna anayekukamata. Wabwile aliutazama. Kisha akachukua bisibisi, akakaza skrubu.

Mota haikuwa na umeme sasa. Aliilegeza skrubu tena, akaweka bega chini ya injini, akasukuma. Kitu cha kuinuliwa na wanaume watatu. Kitu kikakatika mgongoni. Injini ikapanda. Akaangusha chuma cha kuishikilia, akakaza skrubu mpaka mwisho.

Askari wanne waliingia wakamkuta amepiga magoti. Nyuma yao mtu wa stoo, na karatasi: injini mbili, maboya ya kuvaa arobaini, vyote vimeibwa. Jina la Wabwile lilikuwa limeshapigwa chapa.

"Nani mwingine?" askari mmoja aliuliza.

"Hiyo trela iko tayari," Wabwile alisema. "Mtu yeyote anaweza kuivuta."

Walimpiga rungu hapo hapo.

Sasa hivi yuko seli. Nelima bado yuko juu ya paa, na mvua imeanza tena Mlima Elgon. Usiniulize Kagwe ni mtu wa aina gani. Una gari lenye kishikio cha trela, au unamjua mwenye nalo. Chukua msumeno wa chuma kwa ajili ya kufuli la geti. Mpigie simu jirani yako, asipopokea nenda mlangoni kwake. Tokeni wote mkaivute mashua, mchana, mkionekana. Inuka.