Moto wa Gershom

Gershom na mkewe Tamar ni wakulima wa kijiji cha Hewani. Shamba lao liko kati ya mto Tana na msitu. Kila mwaka, masika yakikaribia, wao hufyeka shamba, huchoma majani makavu, kisha hupanda mahindi.

Siku moja mwezi wa Machi, Gershom alirundika majani karibu na nyumba. Saa saba mchana akawasha kiberiti.

"Upepo ni mkali, baba watoto," Tamar alisema.

"Niko hapa hapa. Ni kazi ndogo."

Hazikupita dakika tano. Upepo ulibeba cheche hadi kwenye nyasi kavu. Moto ukakimbilia jiko la makuti. Ndani alikuwemo Bibi Christine, mama yake Gershom, akipukuchua mahindi. Miguu yake haina nguvu.

"Mama yumo jikoni!" Gershom alipiga kelele.

Tamar aliingia mbio. Akambeba mama mkwe wake mgongoni, akatoka naye kwa mlango wa nyuma hadi penye mchanga mtupu. Majirani walikuja na ndoo za maji na matawi mabichi. Jiko liliungua lote, lakini nyumba ilipona. Bibi Christine hakupata hata lengelenge moja.

Gershom alikaa chini.

"Ningemuua mama yangu," alisema.

Jioni jirani yao Truphena alikuja kuwapa pole. Truphena yumo katika kikundi cha kijiji kinacholinda msitu.

"Mko wazima. Hilo ndilo kubwa," alisema. "Lakini Gershom, ilikuwa lazima uchome?"

"Majani yote yale ningeyapeleka wapi?"

"Yatandaze shambani. Yataoza yawe mbolea, na udongo hautakauka upesi. Matawi magumu ndiyo uchome, kama huna njia nyingine."

"Nichome vipi?"

"Kwanza mwambie mzee wa kijiji na majirani. Choma asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Rundo liwe dogo, mbali na nyumba na msitu. Lima kulizunguka pande zote, upana wa hatua tano, usiache hata jani. Hiyo ndiyo kinga ya moto. Muwe watu wazima wawili, na maji tayari. Upepo ukianza, zima. Na usiondoke mpaka majivu yapoe."

"Moto ukitushinda?" Tamar aliuliza.

"Okoeni watu, wazee na watoto kwanza. Vyombo viacheni. Msikimbie kule upepo unakoelekea. Pitieni pembeni, mwende penye udongo mtupu. Kisha iteni watu."

Wiki iliyofuata Gershom na Tamar walitandaza shambani majani ambayo hayakuungua. Yakabaki matawi magumu. Walilima kinga, wakajaza mitungi minne ya maji, wakamwarifu mzee wa kijiji na majirani. Kulipokucha wakawasha.

Rundo lilikuwa karibu kwisha, upepo ukavuma ghafla. Cheche ziliruka. Cheche zikaanguka kwenye udongo mtupu, zikafa pale pale.

"Maji!" Gershom alisema. Walimwaga mitungi yote, wakakoroga majivu kwa jembe mpaka yakapoa kabisa.

"Ahsante Mungu," Tamar alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jiko liungue.

Jirani mwingine aitwaye Kiti alikuwa amesimama akitazama.

"Na mimi nina matawi yangu," alisema. "Hiyo kinga ni hatua ngapi?"

"Tano," Gershom akamjibu. "Twende nikuonyeshe."