Viazi vya Mama Agape

Kila akirudi kutoka shule, Irine alivua sare, akala makande ya mchana akiwa amesimama mlangoni, kisha akatoka kuwakatia mbuzi majani. Hakuwa mvivu, tuseme ukweli. Tatizo lake lilikuwa kwamba kazi ikikaribia kwisha, mikono ilibaki pale lakini moyo ulikuwa umeshakwenda kucheza. Ufagio wake uliishia nusu ya uwanja. Sufuria zake ziling'aa ndani, nje zikabaki na masizi yake yote. Mama yake, Priska, alimsema mpaka akachoka, na Irine alicheka tu.

Walikaa Suji, juu milimani, katika wilaya ya Same. Huko bustani zimelala kwenye miteremko, na maji ya kuzimwagilia hutoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo walilolijenga mababu kwa mawe na udongo. Usiku ndiva hujaa, asubuhi hufunguliwa, na maji huenda shambani kwa mtu mwenye zamu yake. Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa. Maji yakawa haba, na majirani wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Baba yake Irine, Mzee Anaeli, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Zaidi ya mara moja alikuta ndiva imepungua kabla haijafunguliwa, akarudi nyumbani amekunja uso.

"Kuna mtu anaiba maji," alisema. "Nikimjua, hatapata zamu tena mpaka masika."

Chumba cha uani kwao alikipanga Mwalimu Rebeka, binti wa Arusha aliyefundisha sayansi katika shule ya sekondari. Mwalimu Rebeka alikuwa Myahudi. Mama wa bibi yake alifika kutoka Ulaya akiwa mkimbizi wakati wa vita kuu, akaolewa Arusha, na hakuja na mzigo wowote isipokuwa mapishi aliyoyabeba kichwani. Mwaka huo sikukuu yao ya Hanuka iliangukia kabla shule hazijafungwa, kwa hiyo Mwalimu hakuweza kwenda kwao. Kinara chake cha mishumaa kilikuwa Arusha. Alikata viazi nusu nusu, akavitoboa, akasimamisha mishumaa humo.

"Zamani," aliwaeleza wenyeji wake, "taa ya hekalu ilibaki na mafuta ya siku moja tu, lakini ikawaka siku nane. Ndiyo maana kwa siku nane tunawasha mishumaa na kula vitu vya kukaanga. Kwetu tunapika latke, chapati ndogo za viazi. Zikipikwa vizuri zinakauka pembeni, ukizitafuna zinalia."

"Zinalia kushinda bisi?" Baba aliuliza.

"Utasikia mwenyewe, Baba Irine."

Viazi vilinunuliwa kwa Mama Agape, mjane wa jirani. Viazi vyake vilisifika kwa kuwa vikavu na vyenye unga. Mtoto wake, Agape, alikaa dawati moja na Irine darasa la sita, na wawili hao walikuwa chanda na pete.

Jumatatu Mwalimu Rebeka alikuwa na kikao cha jioni shuleni. Kabla ya kuondoka asubuhi alimkabidhi Irine kikwangulio na kitambaa cheupe.

"Kwangua viazi, vifunge kwenye kitambaa, kisha kamua," alimwelekeza. "Ukidhani maji yameisha, kamua tena. Yakibaki, chapati zitalegea. Na hayo maji yaache yatulie kwenye beseni. Chini utaona wanga mweupe. Huo unaurudisha kwenye viazi ili vishikane."

"Sawa, Mwalimu."

Alasiri Irine alikwangua mpaka vidole vikamuwasha. Akakamua mara moja, maji ya rangi ya kahawia yakatiririka kwenye beseni. Alikuwa akijiandaa kukamua tena aliposikia kelele za mchezo wa rede nyuma ya nyumba.

"Irine! Njoo, tumepungukiwa mtu!" Ilikuwa sauti ya Agape.

Irine alikiinua kitambaa. Kilikuwa bado kizito, na maji yalidondoka. Aliyaona kwa macho yake. "Si yatakauka kwenye mafuta," alijiambia. Akamwaga maji ya beseni kwenye migomba, wanga na vyote, akabwaga viazi kwenye bakuli na kutimua mbio.

Jioni Mwalimu Rebeka aliwasha mishumaa, akaimba wimbo mfupi wa Kiebrania. Baba alivua kofia kwa heshima. Kisha Mwalimu akaandaa viazi kwa kitunguu, yai na chumvi, akaketi mbele ya jiko la kuni. Alipotia chapati ya kwanza, mafuta yaliruka yakamchoma mkono. Ya pili ilisambaratika. Zilizosalimika zilitoka zimelegea, zimenyonya mafuta, rangi yake ya kijivu. Baba alitia moja mdomoni, akatega sikio, hakusikia kitu. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Rebeka alijaribu kutabasamu, lakini machozi yalimlengalenga. Hiyo ndiyo sikukuu yake ya kwanza mbali na kwao.

"Irine, ulikamua vizuri?" aliuliza kwa upole.

Irine alikwepa macho yake. "Nilikamua, Mwalimu. Viazi vyenyewe ndivyo vina maji mengi."

Baba aliweka sahani chini. "Viazi vya nani?"

"Vya Mama Agape," Mama alijibu.

"Viazi vya Mama Agape havijawahi kuwa na maji," Baba alisema polepole. "Labda kama shamba limemwagiliwa juzi juzi. Na zamu yake bado haijafika."

Irine alijiambia kwamba Baba atasahau, maana maneno ya mezani huishia mezani. Usiku huo alijigeuza kitandani kama mtu anayelalia mawe.

Baba hakusahau. Kesho yake kamati ya maji ilimwita Mama Agape kwenye ndiva. Alikana, akaapa, akalia. Wakamsimamishia zamu, na shauri likawekwa Ijumaa. Akionekana na hatia, angekaa bila maji hadi masika.

Jumatano darasani Agape hakutoa daftari wala kalamu. Alikuwa ameinamia dawati.

"Kabichi zetu zimeanza kunyauka," alinong'ona. "Mama anasema zikiharibika, hatuna kitu kingine cha kupeleka sokoni. Sare yangu ya mwakani, kila kitu, kiko kwenye zile kabichi." Aligeuka kumtazama Irine. "Eti ni kwa sababu ya viazi mlivyokula kwenu. Wewe ulivila, Irine. Vilikuwa na maji kweli?"

Irine aliukodolea macho ubao, na ubao wenyewe haukuwa na maandishi yoyote.

"Sijui," alisema.

Neno hilo lilimchoma kuliko lile la kwanza. La kwanza lilimtoka kwa woga. Hili alimwambia rafiki yake huku akijua kila kitu. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na mapumziko yalipofika hakwenda kucheza rede.

Njia ya kurudi nyumbani ilipita pembeni ya bustani ya Mama Agape. Irine aliinamisha kichwa apite haraka, lakini Mama Agape alikuwapo. Alikuwa amechota ndoo ya maji kijitoni, bondeni kabisa, na alikuwa akinywesha kabichi moja moja kwa kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje shule?" Mama Agape alinyoosha mgongo kwa shida. Ilionekana hakujua maneno yale yalitoka kinywani mwa nani. "Hebu niambie, Mwalimu wenu amekasirika sana? Mimi nilimchagulia vile vikubwa, kwa kuwa ni sikukuu yake na yuko mbali na mama yake. Mwambie nitampelekea vingine. Asione nimemfanyia makusudi."

Irine aligeuka, akakimbia mpaka kwao, akamkuta Baba uani ananoa panga.

"Baba, nilidanganya!" Machozi yalimtoka kabla ya maneno kuisha. "Viazi havikuwa na maji. Ni mimi sikukamua. Nilikamua mara moja tu nikaenda kucheza."

Baba aliacha kunoa, akamtazama kwa muda. "Amekutuma Agape?"

"Hakuna aliyenituma, Baba."

"Unamhurumia rafiki yako, na huruma ni kitu kizuri. Ila juzi ulisema viazi vina maji, leo unasema havina. Nishike lipi? Niende kuwaambia wanakamati nini?"

Siku zote Irine alidhani ugumu ni kuusema ukweli tu. Hakuwaza kwamba angeusema na bado asiaminiwe, tena na baba yake mzazi.

Mlango wa chumba cha uani ulifunguka. Mwalimu Rebeka alikuwa amesikia yote. Irine alimtazama mkono uliochomwa na mafuta, akatamani ardhi ipasuke.

"Baba Irine," Mwalimu alisema, "viazi vingine vimebaki kwenye kiroba. Ni vilevile vya siku ile. Tupike tuone."

"Na nani atakamua?"

"Mimi," Irine alisema, akaenda kuchukua beseni.

Alikwangua, akafunga kitambaa, akakamua. Baba aliketi kwenye kigoda mbele yake, kimya kama hakimu. Maji yalitiririka, yakapungua, yakawa matone. Mikono ilimuuma. "Kamua tena," Mwalimu alisema. Akakamua tena, akiuma meno. Tone la mwisho lilipogoma kutoka, alimimina maji ya juu ya beseni taratibu, na chini akauona wanga mweupe. Akaukwangua kwa vidole na kuurudisha kwenye viazi.

Safari hii mafuta hayakuruka. Chapati zilitulia kwenye kikaango, zikajishika, pembeni zikawa na rangi ya dhahabu. Baba alipewa ya kwanza. Akang'ata.

Kra!

Mama alisikia kutoka ndani, akachungulia. Baba alitafuna mara mbili tatu, kisha taya likasimama. Aliishusha chapati mkononi kana kwamba imemuelemea.

"Nimemnyima mwenzangu maji kwa sababu ya sahani moja ya chakula," alisema kwa sauti ya chini. "Sikwenda hata kutazama shamba lake." Akainuka. "Irine, funika hizo zilizobaki. Twende kwa Mama Agape."

"Sasa hivi, Baba?"

"Sasa hivi. Kabichi hazitasubiri Ijumaa."

Kwa Mama Agape, Baba alisimama nyuma, akamwacha Irine atangulie. Agape alikuwa mlangoni. Irine alieleza yote, tangu rede hadi lile "sijui" la darasani. Hakuruka kitu.

"Kwa hiyo leo uliponisalimia bustanini," Mama Agape aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Hapo ndipo panaponiuma." Mama Agape alipokea sahani ya chapati. "Nimekusamehe, kwa kuwa umekuja na miguu yako. Lakini mbele ya kamati ndiko nilikoitwa mwizi."

"Ijumaa atayasema mbele ya kamati," Baba alisema. "Na mimi nitasema yangu. Nisamehe, Mama Agape. Kesho alfajiri maji ni yako."

Agape aliingia ndani na kufunga mlango.

Ijumaa Irine alisimama kwenye ndiva mbele ya watu wazima na kurudia maneno yaleyale. Baba naye aliomba radhi hadharani. Ndipo walipoamua kuikagua ndiva yenyewe badala ya kukagua majirani, wakakuta mzizi umetoboa ukuta chini kabisa, na maji yanavujia bondeni taratibu. Hapakuwa na mwizi. Kesho yake kijiji kizima kilitoka na majembe kuziba tundu hilo.

Jumapili ulikuwa usiku wa mwisho wa Hanuka. Mishumaa yote iliwaka juu ya viazi, na Mwalimu Rebeka alimwalika Mama Agape na mtoto wake. Mama Agape alileta kapu la viazi, vikubwa kama alivyoahidi. Agape alikaa pembeni. Tangu Jumatano hakuwa amesema na Irine.

Irine alipokuwa akikamua, Baba alivuta kigoda karibu naye.

"Mwanangu," alisema, "kutokukamua kulikuwa kosa dogo. Ungesema jioni ile, 'Nilikwenda kucheza,' tungekula chapati mbovu, tukacheka, tukalala. Lakini ulilitupa kosa lako kwa mtu ambaye hakuwepo kujitetea, na mimi mtu mzima nikalipokea na kulikuza. Siku nyingine kazi ikikushinda, sema imekushinda. Kosa liseme likiwa bado dogo, kabla halijafika shambani kwa mtu."

"Nimesikia, Baba," Irine alisema, akaendelea kukamua. Mikono ilimuuma lakini hakuinua macho, kwa hiyo hakumwona Agape akiinuka.

Agape alichuchumaa mbele yake, akagusa kitambaa, kisha akashika ncha ya pili.

"Bado kizito," alisema. "Shika upande huo, tukisokote."