Chemchemi Ambayo Chiriku Hakuiona

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia ua na kumjazia mama yake chupa ya maji. Walimpa jina hilo kwa sababu akianza kusema, hanyamazi. Mama yake alikuwa askari wa wanyamapori. Alizunguka milima saba iliyopangana nyuma ya mji, akihesabu mbega, pongo na tai.

Mwalimu wa jiografia aliwaagiza wanafunzi wachore ramani ya milima hiyo, kwa hiyo Jumamosi moja mama alimchukua Chiriku hadi mlima wa tano.

"Panda pale ukingoni, uchungulie bondeni," mama alimwambia. "Kama chemchemi ya huko bado ina maji, itie alama kwenye ramani yako. Mimi nahesabu mbega hapa."

Chiriku alipanda. Mara ukungu ukashuka, miti ikatoweka mmoja mmoja. Kutoka bondeni ikapanda sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayekoroma chini ya ardhi. Nywele zikamsimama. Akarudi mbio.

"Maji yapo?"

"Yapo, mama," alijibu bila kumtazama usoni, akachora kitone cha buluu.

Wiki iliyofuata mama aliondoka kwenda kulala siku mbili katika bonde hilo. Alibeba chupa moja tu.

Kuanzia hapo Chiriku hakuwa na raha. Mlango ukikwaruza, alisikia ile sauti. Akifumba macho, aliona ukungu ukimmeza mama yake.

"Chiriku kimya tangu jana?" baba, fundi cherehani, aliuliza akisimamisha mashine. "Kuna nini, mwanangu?"

"Baba, sikuiona chemchemi. Nilidanganya."

Baba hakugomba. Alivaa viatu, wakakimbia hadi ofisi ya askari. Askari waliita kwenye redio mara tatu, hakuna jibu. Mara ya nne ikasikika sauti ya mama, imekauka: "Bonde ni kavu. Miguu imeishiwa nguvu."

Askari wawili walimpelekea maji. Jioni alirudi, midomo imepasuka. Chiriku alimkumbatia, akalia kwa kwikwi.

"Nisamehe, mama. Nilisikia sauti ikikoroma bondeni, nikaogopa."

"Ile sauti ni ya mbega dume," mama alisema, akimfuta machozi. "Hata mimi hunisisimua mwili. Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia hukuiona chemchemi, ningebeba maji ya kutosha. Mahali ambapo hujapaona, paache peupe. Anayesoma ramani yako atajua kujiandaa."