Mimba Hewa ya Mkurugenzi

"Hodi humu ndani! Samahanini viongozi, namtafuta mjamzito mtoro."

Kikao kilisimama. Mlangoni alikuwa Mama Jubilate, mhudumu wa afya wa kata ya Bujonde, miguu imejaa tope la mpunga, simu ya kazi mkononi. Mezani walikaa viongozi wa Sauti Jirani, shirika linalowatumia wajawazito ujumbe wa sauti kwenye simu, upande wa Kyela na upande wa Malawi ng'ambo ya mto Songwe. Alikuwapo Enoki, naibu mkurugenzi, na Sista Veronika, mkuu wa uuguzi. Ambakisye, mkuu wa teknolojia, alionekana kwenye skrini ukutani, akiongea kutoka ofisi yao ya Karonga. Kwenye kiti cha mbele alikaa mkurugenzi mwenyewe, Kisa.

"Mama Jubilate, mjamzito atoroke kliniki aje kujificha kikaoni?" Enoki alicheka.

"Ndiyo nimekuja mnisaidie, baba. Mfumo wenu unasema ana mimba ya miezi saba na kliniki hajatia mguu. Nimezunguka Bujonde yote, hawamjui."

"Anaitwa nani?" aliuliza Sista Veronika.

"Kisa wa Bujonde."

"Akina Kisa Bujonde ni wengi kama migomba."

"Basi ngoja nimpigie hapa hapa, msikie asivyopokea."

Akabonyeza. Wote wakatega sikio. Ndani ya mkoba wa mkurugenzi, wimbo wa kwaya ukaanza kuimba.

Kisa hakugusa mkoba. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza, ikaingia kiitikio.

"Mkurugenzi," Enoki alisema taratibu, "nadhani ni simu yako."

Mama Jubilate akaacha mdomo wazi, kisha akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka sokoni.

"Kumbe ni wewe, mwanangu! Miezi saba na tumbo hata halionekani! Mungu fundi! Hongera, mama!"

Kisa aligeuka kuitazama skrini. Ambakisye alikuwa amekaa wima, mkono umeganda kwenye kikombe cha chai.

"Hongera, Mkurugenzi," alisema.

Skrini ikawa nyeusi.

Msomaji wangu, utauliza kwa nini Kisa hakusimama akasema, "Jamani, sina mimba." Ni kwamba swali la pili lingekuwa "Sasa ulijisajili ya nini?" na jibu lake lilikuwa la aibu kuliko mimba yenyewe.

Kisa na Ambakisye walipendana wakati Sauti Jirani bado ni chumba kimoja na feni bovu. Siku moja walikuwa Ikombe ufukweni, wanawafundisha akina mama wafinyanzi kupokea ujumbe, na Ambakisye akamvuta pembeni penye vyungu vilivyoanikwa.

"Kisa, nataka nikuoe."

"Wewe! Mimi ni bosi wako."

"Hilo nalijua. Nimekuuliza kuhusu ndoa."

"Watu watasema nini? Kwamba mkurugenzi anampa kazi mpenzi wake? Nenda Karonga kwanza ukaanzishe upande ule. Mapenzi yasubiri."

"Yasubiri mpaka lini?"

"Sijui, Ambakisye. Nimesema nenda."

Akaenda. Na Karonga si mbali. Ukivuka mpaka pale Kasumulu asubuhi, chai ya saa nne unainywa huko. Ila mtu aliyefukuzwa na mwanamke anayempenda hata mto mwembamba unamtosha kuwa bahari. Wakabaki kuongea habari za kazi tu, "Mkurugenzi" kwa "Mkuu wa Teknolojia."

Kiu ikamshika Kisa, kiu hasa. Alimtamani akiwa anakula, akiwa kanisani, akiwa anasaini karatasi. Ujumbe wote wa Kinyakyusa alikuwa ameurekodi Ambakisye kwa sauti yake ile nzito isiyo na haraka, na kila Jumanne maelfu ya wanawake waliisikia. Kisa peke yake hakuisikia, kwa sababu mfumo unampigia mjamzito aliyesajiliwa tu. Basi mchana mmoja, akiwa peke yake ofisini, mkurugenzi mzima mwenye shahada mbili akachukua laini yake ya pili, akajibandika mimba.

Tangu hapo Jumanne ikawa siku yake. "Ugonile, mama? Ni mimi Ambakisye. Umekula? Usibebe ndoo nzito peke yako." Naye hujibu kwa sauti, chumbani, kama mwehu. Alichosahau ni kwamba mimba kwenye mfumo inakua, na mama asiyefika kliniki hufuatwa mpaka nyumbani. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

Watu walipotawanyika aliandika: "Ambakisye, sivyo unavyofikiri. Pokea simu, tafadhali."

Jibu likaja: "Huna haja ya kunieleza. Mungu akujalie ujifungue salama."

Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Ukaja ujumbe mwingine: "Kuna shirika la Lusaka wananiita kazini. Nilikuwa nasita, sasa sisiti tena. Kesho jioni nawajibu kwamba nakuja. Usinipigie, Kisa. Naumia."

Alipojaribu mara nyingine, simu ilikuwa imezimwa.

Sista Veronika aliingia bila kubisha, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mimba ni ya nani?"

"Hakuna mimba, Sista."

"Mwanaume je?"

"Hakuna."

"Sasa humo kwenye mfumo uliingia kufanya nini?"

Kisa alifunika uso kwa viganja. "Nilitaka kusikia sauti yake."

Sista Veronika aliketi. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na kicheko kilipoisha, machozi yaliendelea.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Mwambie."

"Hapokei simu yangu."

"Simu ya mkurugenzi hapokei. Ya mama mjamzito je?"

Kisa akainua uso. Mama yeyote akisikiliza ujumbe anaweza kubonyeza moja akauliza swali kwa mdomo wake. Maswali ya Kinyakyusa yote huenda Karonga kwa Ambakisye, na sheria ya shirika ni kwamba kila mama ajibiwe kabla jua halijazama. Ambakisye hajawahi kuivunja.

"Hiyo mimba yako lazima niifute," Sista alisema akisimama. "Ni takwimu za uongo, na wewe unajua. Nitaifuta leo jioni. Una mpaka hapo."

Kisa alitoka nyuma ya ofisi, akakaa juu ya gunia la kakao la jirani. Kwa laini ile ya pili aliurudia ujumbe wa Jumanne. Alibonyeza moja. Mlio ukalia.

"Mugonile. Mimi ni Kisa wa Bujonde. Swali langu si la kliniki. Nina mimba ambayo haipo. Niliiandikisha mwenyewe, kwa sababu kuna mtu nilimfukuza kwa ulimi wa kibosi, nikabaki sina njia ya kumsikia ila kwa kujifanya mjamzito. Ukiniuliza kama nimekula, sijala, Ambakisye. Tangu umeondoka chakula ni kujaza tumbo tu. Niliogopa watu. Nilidhani nikikupenda hadharani wataninyang'anya heshima. Nimebaki na hiyo heshima, na usiku inalala upande wake, haisemi kitu. Nauliza hivi: mwanamke akimpeleka mtu ng'ambo kwa kiburi, anaweza kumwita arudi? Ukisema hapana nitaelewa. Ila nijibu wewe, usimpe nesi."

Akakata. Akangoja. Wanawake walipita na ndizi kichwani wakamsalimia, akaitikia bila kujua anaitikia nini. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Malawi simu ilipoita.

"Ugonile, Kisa wa Bujonde," sauti ilisema. Mara hii haikuwa ya kurekodi. "Asante kwa swali. Kwanza ujue limesikika ofisi nzima, kwa sababu spika ilikuwa wazi. Sista Neli, na unesi wake wote, analia. Mlinzi ameniambia nikichelewa anakuja yeye."

Kisa alicheka na kulia kwa pamoja. "Ambakisye..."

"Ngoja, nami nina swali. Umeyasema haya ukiwa wapi?"

"Nyuma ya ofisi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ndiyo shida yetu, Kisa. Ulinipenda nyuma ya vyungu, sasa unanipenda nyuma ya ofisi. Mimi si mali ya wizi. Kesho asubuhi kuna kikao. Ukiyasema haya mbele ya Enoki na wenzako, nitajua narudi kwa nani. Usiposema, sitakulaumu. Nitaenda Lusaka."

"Ambakisye, nikisema nitaonekana..."

"Utaonekana unanipenda. Ni hilo tu."

Kesho yake viongozi walikaa. Skrini ukutani iliwaka, Ambakisye akatokea kafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Kisa hakufungua ajenda. Alisimama.

"Jana mlisikia nina mimba. Sina. Niliiingiza mwenyewe kwenye mfumo."

Enoki aliweka kalamu chini. "Mkurugenzi, unataka kusema umetuwekea mimba hewa?"

"Ndiyo, Kaka Enoki. Nimeshampigia mwenyekiti wa bodi nikamweleza. Ameniambia nitapata onyo, na ninalistahili. Mama Jubilate amekanyaga tope kunitafuta, nimemwomba radhi kwa mdomo wangu."

"Lakini kwa nini, dada yangu? Mtu wa kutufundisha sote ukweli wa takwimu?"

Kisa alitazama mlango, kisha akaitazama skrini.

"Kwa sababu nampenda Ambakisye. Alitaka kunioa, nikamkataa kwa ajili ya kiti hiki, nikampeleka Karonga nisimwone. Nikashindwa kukaa bila sauti yake. Nimeiomba bodi kazi yake isisimamiwe na mimi tena, waisimamie wao. Wakiona hata hivyo haifai, nitatoka mimi. Mwenye la kusema aseme sasa, nimesimama."

Kisa alingoja kicheko, alingoja dharau, alingoja yale yote aliyoyaogopa tangu Ikombe.

Enoki alimtazama Sista Veronika. Sista Veronika alitazama dari.

"Dada Kisa," Enoki alisema, "mapenzi ni kikohozi. Sisi tulijua kabla hata hajahamia Karonga. Tulikuwa tunangoja na wewe ujue."

"Mlijua?"

"Mtu akitajwa tu jina, wewe unamwaga chai. Tungeacha kujua vipi?"

Sista Veronika akaangua kicheko. Kisa akaketi. Miaka yote ile ya kujinyima, na watu aliokuwa akiwaogopa walikuwa upande wake! Uchungu wa hilo ulimchoma kuliko onyo la bodi. Aliinua macho kwenye skrini. Kiti cha Karonga kilikuwa kitupu.

"Ambakisye yuko wapi?"

Sura ya Sista Neli ikajitokeza pembeni ya skrini. "Ametoka, Mkurugenzi. Umesema 'nampenda', kachukua begi."

"Kaenda wapi?"

"Hakusema. Hata kompyuta hajazima."

Asubuhi yote Kisa alingoja mlango wa ofisi ufunguliwe. Haukufunguliwa. Alituma ujumbe, "Uko wapi?" na haukujibiwa. Saa nane akachoka kutazama mlango, akabeba mkoba wake wa kompyuta, akaenda zake Bujonde nyumbani kwa wazazi, moyo mzito. Labda Ambakisye alikuwa amesikia akaona haitoshi. Labda alikuwa njiani kwenda Lusaka.

Alishika njia ya mkato inayopita kwenye mikakao. Mbele, kwenye njia panda, akaona wanaume watatu wanatokea njia ya mpakani na makoti ya kanisani siku ya kazi. Mmoja alikuwa Ambakisye. Wa pili, Baba mdogo Lugano, msemaji wa ukoo wao. Wa tatu, aliyetangulia na fimbo, alikuwa Mzee Zebedayo wa Njisi, baba yake Ambakisye. Kumbe kutoka mpakani Ambakisye alikuwa amepitia nyumbani kumchukua baba.

Kisa alimfahamu mzee huyo vizuri. Ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijijini kwao, na kwenye kila mkutano walishikana mikono, wakataniana, wakabishana kuhusu mnara wa simu.

Leo mzee aliinua mkono kutoka mbali. "Mkurugenzi! Mugonile!"

Kisa hakuitikia. Mwili wake ulitangulia kabla ya akili. Aliacha njia, akaingia katikati ya mikakao na viatu vyake vya ofisini, akajitanda mtandio mpaka usoni, akawapa mgongo, akainama.

Baba mdogo Lugano alishangaa. "Vipi huyu, hatusalimii?"

Mzee Zebedayo alisimama. Alishusha mkono polepole. Mnyakyusa wa umri wake hahitaji kuelezwa: mwanamke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Akimwona njiani hupisha, hujificha, hamtaji jina. Siku hizi wasichana wengi wameiacha desturi hiyo, na hakuna awezaye kumlazimisha aliyesoma. Na mwanamke hamfanyii hivyo mzee asiye mkwe wake.

Naye mzee akageuza uso upande wa pili, kama inavyompasa.

"Lugano," alisema. "Yale maneno marefu uliyoandaa ya kumwomba binti, yaache. Twende kwa wazazi wake tukaongee habari ya ng'ombe. Mkwe wangu ameshakubali."

Wazee wawili wakapita bila kutazama kando. Ambakisye alibaki peke yake njiani, analia waziwazi, akingoja baba yake apotee kwenye kona ili Kisa aweze kugeuka.